Latte ya Ndizi Mbivu za Nazi: Ya Moto au ya Barafu?

Kaskazi ikishashika, ukimwambia mtu wa Mjini kwamba unakwenda kunywa latte ya moto atakuuliza kama una homa. Mikahawa ya Shangani, hapa Mji Mkongwe wa Zanzibar, inalijua hilo. Kuanzia Disemba hadi Machi, kinachopita mbele ya macho ni glasi ndefu, barafu na mrija, na vikombe vya moto vimebakia kwa wazee na kwa wageni wa Kiitaliano kabla ya saa tano asubuhi.

Mimi natetea kikombe. Sitetei kila kikombe, maana latte ya kawaida, espreso na maziwa bila kitu chengine, naipenda baridi na sina ugomvi na anayeipenda hivyo. Nazungumzia kinywaji kimoja ambacho mkahawa mmoja wa hapa umekuwa ukikiuza tangu Ramadhani iliyopita: latte ya ndizi mbivu za nazi. Ubaoni imeandikwa mara moja tu, na chini yake maneno mawili, moto, barafu, kwa bei ile ile. Anayesoma ubao ule atadhani ni kitu kimoja, tofauti yake ni kutiwa barafu au kutotiwa. Nimezinywa zote mbili mara nyingi kuliko nitakavyomwambia daktari wangu, na nasema ni vinywaji viwili, kimoja kimekamilika na chengine bado kinatafuta njia.

Kwa msomaji wa Bara ambaye hajawahi kufuturu kwetu: ndizi zinazotakiwa ni mzuzu au mkono wa tembo, zilizoiva hadi ganda limeingia weusi. Ukitia mbichi mbichi umepika kitu chengine. Unazimenya, unazipasua kwa urefu, unautoa ule uzi wa katikati, kisha unazipanga sufuriani pamoja na sukari na iliki iliyotwangwa. Tui la pili hutangulia. Ndizi zikishalainika na tui limekauka kidogo, unatia tui la kwanza, unapunguza moto, na kuanzia hapo sufuria inatikiswa tu, haikorogwi, ili ndizi zisivurugike. Tui zito likichemshwa kwa pupa hukatika, mafuta yakaja juu na maji yakabaki chini, na mpishi akaanza kutafuta wa kumlaumu. Mama yangu hutia na chembe ya chumvi. Anayebisha huambiwa aonje kwanza. Chakula hiki kinakaa kwenye futari pembeni ya muhogo, tambi na samaki wa kukaanga, na ni kitamu kinacholiwa pamoja na vyengine, hakisubiri sahani ziondolewe.

Sasa mtu akakitia kwenye kahawa. Mwanzo nilinuna, nakiri. Kahawa yetu haijawahi kuchanganywa na mambo haya. Muuza kahawa anakuja na dele lake, makaa chini, vikombe vidogo vinagongana mkononi, na kinachomiminwa ni kahawa chungu, mara nyengine na tangawizi. Utamu haumo kikombeni. Uko mkononi: kashata, tende, kipande cha halua. Unatafuna, unapiga funda, uchungu unaufuta utamu, unarudia. Pale Jaws Corner, kijiwe chetu cha kahawa, watu wamebishana siasa kwa mpango huo miaka nenda miaka rudi, na sijasikia aliyeomba shira ya ndizi.

Mpango ule una zamu. Latte ya aina hii inaiondoa zamu. Utamu, uchungu, mafuta ya nazi na harufu ya iliki vinafika kinywani kwa pamoja, vyote vinataka kusikika. Na anayeamua nani asikike ni joto. Ndiyo maana swali la moto au barafu, ambalo kwenye soda ni la mapenzi ya mtu, hapa ni swali la upishi.

Mashine ya espreso inasukuma maji ya nyuzi joto 90 na kitu kwa shinikizo la baa 9 kupita kwenye unga wa kahawa, na kwa muda wa kama nusu dakika unapata mafunda machache mazito. Hayo ndiyo yanayomwagwa juu ya ndizi zilizopondwa. Halafu maziwa, yaliyopashwa kwa mvuke hadi nyuzi 60 au 65. Hapo maziwa huwa matamu yenyewe. Ukiyapitisha nyuzi 70 yanaanza kunuka kupikwa, na lile povu laini linageuka mapovu ya sabuni.

Utamu ule wa maziwa ya moto una sababu yake. Mwaka 2005 watafiti walichapisha katika jarida la Nature kazi iliyoonesha kwamba katika seli za ulimi zinazotambua utamu kuna mlango mdogo, wanauita TRPM5, ambao ishara zake hupata nguvu kadiri joto linavyopanda kutoka nyuzi 15 hadi 35. Sukari ni ile ile, ulimi ndio unaoisikia zaidi. Kila aliyewahi kuacha malai, yaani aiskrimu, ikayeyuka kisha akainywa anaujua utafiti huo bila kuusoma: ikiwa imeganda ilikuwa tamu ya kupendeza, ikiyeyuka inakera.

Kwa hiyo ya moto haihitaji sukari nyingi. Ndizi iliyoiva vizuri inatosha na kubaki. Iliki nayo inapanda puani kabla mdomo haujagusa kikombe, kwa sababu mafuta yake ya harufu huruka na mvuke, na sehemu kubwa ya kile tunachokiita ladha kinatokea puani. Tui linakuwa limesambaa ndani ya maziwa, hulioni wala hulihisi kama mafuta. Unachokihisi ni ulaini na ule unazi unaobaki nyuma ya koo baada ya kumeza. Kahawa inakuja mwisho kabisa. Nikiinywa hivyo naonja futari ya nyumbani, na uchungu umewekwa mahali pake, kama mgeni aliyekuja kwa wakati.

Ina ila zake. Ndizi ni nzito, na mpishi wa kahawa mwenye mkono mpana atakupa uji wa ndizi uliopakwa kahawa. Vijiko viwili vya ndizi kwa kikombe cha kawaida ni vingi tayari. Tena ndizi hazipashwi pamoja na maziwa kwenye jagi la mvuke, zinaziba tundu za bomba na zinaungua; zitiwe chini ya kikombe, zikorogwe na espreso kwanza, maziwa yafuate. Wakifanya kinyume utaijua kwa chembe zinazoelea. Na kinywaji hiki hakisubiri. Ukikaa nacho unapiga soga robo saa, juu panaingia utando, chini panakuwa shira tupu, na katikati kahawa iliyopoa isiyojijua ni ya nani.

Hapo kwenye kupoa ndipo naingia kwenye glasi.

Nilimuuliza kijana anayeisimamia mashine kwa nini ya barafu ni tamu mno kuliko ya moto, na zote zinatoka chupa moja ya ndizi.

“Mama, nikitia kiasi kile kile watu wanarudisha. Wanasema haina ladha. Nikiongeza shira wanasema sasa sawa.”

“Basi unawauzia sukari, mwanangu.”

“Wanaitaka wenyewe, mama.”

Hakuwa na kosa. Ulimi uliopigwa na barafu hausikii utamu sawasawa, pua haipati mvuke wa kuipelekea harufu, na barafu yenyewe inayeyuka na kuongeza maji ambayo hayamo kwenye hesabu. Anachoweza kukiongeza haraka, watu wakiwa foleni, ni shira. Kwa hiyo mtu anayeagiza ya barafu kwa kudhani ameagiza kitu chepesi, mara nyingi ndiye anayekunywa sukari nyingi zaidi. Nawaambia wenzangu wa sukari ya kupanda walisome hili mara mbili.

Lakini kilichonishughulisha zaidi ni tui. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi. Kwetu hapa, nje ya friji, hayagandi karibu mwaka mzima, ndiyo maana chupa ya mafuta ya nazi iliyoko kabatini ni ya kumimina, na anayeishi nchi za baridi huichota kwa kijiko. Ukiyatia kwenye barafu yanafanya yale yale yanayofanya kwa watu wa baridi: yanaganda. Glasi ya kwanza niliyopewa ilikuwa na vijipande vyeupe vinavyonasa kwenye mrija na kubandika kwenye kaakaa. Mezani pembeni yangu walidhani maziwa yameharibika. Hayakuharibika, ni tui la kwanza limerudi kuwa mafuta magumu. Siku zilizofuata wakaanza kutia tui jepesi, vijipande vikaondoka, na unazi ukaondoka navyo. Iliyobakia ni kahawa ya maziwa ya baridi yenye harufu ya ndizi kwa mbali.

Nisiwe mchoyo. Glasi ile ina mambo yake. Ukitoka Darajani na mfuko wa samaki saa nane mchana wa Februari, funda la kwanza haliulizwi lina unazi kiasi gani. Baridi pia inaukata utamu mapema, haukai kooni, na kahawa inasikika wazi zaidi, hasa ukipewa yenye robusta ya Kagera ndani yake, nzito na chungu. Arabica ya Kilimanjaro peke yake, kwa uchachu wake mwembamba, huzama chini ya ndizi na barafu ikapotea. Halafu kuna picha. Tabaka la njano chini, jeupe katikati, rangi ya kahawa juu, jua la alasiri nyuma. Kikombe cha moto hakipigiki picha, ni rangi moja kutoka juu hadi chini. Nusu ya glasi zile nadhani zinaagizwa kwa ajili ya simu.

Wazee wetu wana hoja yao ya kutetea cha moto wakati wa joto: chai ya moto inapoza mwili. Niliichukulia ni maneno ya baraza mpaka nikakuta kwamba watafiti wa Chuo Kikuu cha Ottawa waliipima mwaka 2012, kwa watu waliokuwa wakiendesha baiskeli ya mazoezi. Walikuta kinywaji cha moto kinautoa jasho mwili kiasi kwamba joto linalobaki ndani ni dogo kuliko la aliyekunywa baridi, kwa sharti kwamba jasho lote linakauka. Sharti hilo ndilo linalotuangusha sisi. Barazani penye upepo wa bahari, jasho linakauka, mzee ameshinda. Ndani ya chumba cha mkahawa chenye kuta nene za mawe na feni moja inayozungushia watu hewa yao wenyewe, jasho letu halikauki, linatiririka tu. Kwa hivyo sitasema kikombe cha moto kitakupoza. Nasema kina ladha, na kama unataka kupozwa dafu lipo, halihitaji mashine.

Jambo jengine mkahawa ule umeanza kulijaribu ni matunda mengine, na hapo ubao wa moto au barafu unakuwa wa hatari. Pasheni ni kali mno. Maziwa hukatika uchachu ukizidi, protini yake inashikana mabonge, na joto linaharakisha kazi hiyo. Latte ya moto ya pasheni ni mtindi kabla hujamaliza kulipa. Ya barafu inahimili kidogo ukiinywa haraka, na hata hiyo sioni kwa nini mtu aitese kahawa kwa namna hiyo. Embe boribo lililoiva ni pole zaidi na kwenye baridi ni zuri kweli kweli, bora kuliko ndizi nathubutu kusema, kwa sababu embe sisi tunalila bila kulipika na ladha yake imezoea kuwa hivyo. Ukilipasha linaingia harufu ya jemu. Stafeli ningeliacha kwenye juisi. Aliyependekeza doriani nadhani alikuwa anatania, ila Zanzibar huwezi kuwa na uhakika.

Nikiyaweka hayo pamoja naona kitu kinachoeleweka. Tunda linaloliwa bila kupikwa linakwenda vizuri kwenye glasi. Ndizi za nazi hazikuwa tunda zilipofika kwenye kahawa, zilikuwa tayari chakula kilichopikwa, na kila kizuri chao kilitengenezwa na moto: ndizi ikalainika, tui likaungana nayo, iliki ikatoa harufu. Hata rangi. Ndizi isiyopikwa ukiisaga kwenye blenda na kuiacha inaanza kuwa ya kahawia baada ya muda mfupi, kwa vimeng’enya vyake vyenyewe. Iliyopikwa inabaki na unjano wake kwa sababu moto umeviua. Kukirudisha kitu kama hicho kwenye barafu ni kuutengua upishi hatua baada ya hatua.

Nyumbani sina mashine. Ya moto naitengeneza kwa birika ndogo ya Kiitaliano ya kuweka jikoni, na wakati mwengine, msicheke, kwa kahawa chungu ya muuza kahawa anayepita mtaani, vikombe vitatu kwenye kikombe kimoja kikubwa. Inafanya kazi vizuri kuliko inavyostahili, kwa sababu ile kahawa imechemka muda mrefu na ina ukali wa kusimama mbele ya ndizi. Kama ina tangawizi ndiyo kabisa. Ndizi natumia zilizobaki za futari au za jana, naziponda na tui lake kwa uma, kijiko kimoja na nusu. Kahawa ya moto juu, nakoroga mpaka nisione mafuta. Maziwa napasha sufuriani, nazima pale yanapoanza kutokota pembezoni, napiga kwa mchapo wa mayai. Povu halifanani na la mkahawani na hakuna anayelalamika. Sukari sitii.

Ya barafu nimeihangaikia zaidi. Barafu yenyewe kwetu ina historia. Kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010 Unguja nzima ilikaa bila umeme wa gridi, na aliyekuwa na jenereta na friza alikuwa mtu wa kuheshimiwa mtaani. Tangu hapo kuna watu, na mimi nimo, wanaoona glasi iliyojaa barafu kuwa ni anasa inayotakiwa kuwa na sababu. Kwa hivyo sikutaka barafu inayofanya kazi ya kuongeza maji. Nikagandisha maziwa yenye iliki kwenye vile visahani vya friza, ikisha vikiyeyuka vinarudi kuwa maziwa. Hilo lilisaidia wembamba, halikusaidia tui. Nikatoa tui, nikakaanga ndizi kavu kwenye samli kidogo mpaka zikashika rangi, nikaziponda na maziwa mazito ya kopo. Ilikuwa nzuri. Ilikuwa pia latte ya ndizi za kukaanga, na nazi haimo.

Kilichofanya kazi kilianza kwa uvivu. Ndizi za nazi zilibaki, nikazisaga zote na tui lake zito, nikazitia kibakuli na kuzisukuma ndani ya friza, kwa nia ya kuzifikiria kesho. Sukari na nyama ya ndizi haziruhusu kitu kile kugeuka jiwe. Kinaganda laini, kinachoteka kwa kijiko. Nikachota, nikatia kwenye kikombe kidogo, nikamwaga juu kahawa ya moto iliyotoka birikani wakati huo huo. Pale kahawa inapogusa, tui linayeyuka na kurudi kuwa tui. Pale isipofika bado ni malai. Iliki inapanda na mvuke wa kahawa ingawa kibakuli kimetoka kwenye friza, na ulimi unapata baridi, moto, uchungu na utamu kwa zamu, moja baada ya jengine. Mrija haufai. Kijiko, na dakika tatu za kunyamaza.

Dada yangu, aliyekuja kutoka Wete kwa harusi, alisema hiyo si latte. Sawa, maziwa hayamo. Alikula viwili.

Kipimo nilichotulia nacho: ndizi mbivu mbili za mzuzu, tui la kwanza la nazi moja, sukari vijiko viwili, iliki punje nne, chumvi ya ncha ya kisu kwa heshima ya mama. Pika kama kawaida, ila usiliache tui likauke. Saga ikiwa vuguvugu ili mafuta yasambae kabla ya kuganda, ukisaga ikiwa imepoa kwenye friji utayakuta yale mabonge meupe tena. Kahawa iwe nzito na ya moto kweli, ile ya kuungulia.

Kijana wa mashine nimempelekea kibakuli kimoja. Ameonja, akamwaga espreso nyengine juu, akaonja tena, kisha akaniuliza inakaa siku ngapi kwenye friza. Kwangu haijawahi kulala, kwa hivyo sikuwa na jibu la kumpa.